Kamio imeoshwa siku ya posho, Jumatatu inakatala kutembea

Mvua ikishaanza huku kwetu Haut-Katanga, habari moja inaturudilia karibu kila tunapofika kwenye koperative yenye kamio yake. Kamio ilirudi kutoka mjini siku ya posho, imejaa udongo mwekundu. Vijana wakaiosha vizuri mpaka chini kabisa. Shofere akaiweka mahali pake, akavuta freni ya mkono kama mtu mwenye akili, akaenda nyumbani. Siku ya Mungu watu wakapumzika. Jumatatu saa kumi na moja ya asubuhi mifuko ya mahindi iko juu, mabeseni ya tomati yako juu, wamama wauzaji wamekaa juu ya mizigo wakiwaza soko ya Kenya na soko ya Mzee, na kamio inakatala. Moteri inanguruma, gari inainua pua kidogo, gurudumu la nyuma halizunguki.

Pale maneno yanaanza. Mmoja anasema moteri imeisha nguvu. Mwengine anasema shofere aliharibu kitu mjini halafu akanyamaza. Tumesikia hata majirani wakitajwa kwa mambo ya usiku. Wakati huo jua linapanda, tomati zinaanza kulainika, na mtu mmoja mwenye nguvu anakuja na kamba ili kamio ya jirani iivute kwa lazima. Hiyo kamba njo inayogeuza shida ya falanga kidogo kuwa shida ya falanga nyingi. Tutaifikia.

Kwa kweli kitu kilichoshika gurudumu ni kutu ya usiku moja ao mbili. Na sisi tunaona kwamba mara nyingi shofere hakufanya uvivu wowote. Alifanya vile alivyofundishwa: gari ikisimama, vuta freni ya mkono. Kosa liko kwenye mfuatano wa mambo. Maji kwanza, freni ya mkono mara moja nyuma yake, halafu kusimama masaa mengi bila gurudumu kuzunguka hata kidogo. Mambo hayo matatu yakikutana na hewa ya masika, freni inashikana.

Kutu inaingia wapi

Freni, ile ndugu zetu wa Tanzania na Zambia wanaita breki, inafanya kazi kwa kusugua. Kwenye gurudumu kuna chuma kinachozunguka nalo, na kuna kitu kingine kisichozunguka ambacho kinakuja kukibana. Kwa magari madogo, mbele chuma hicho ni disiki, bapa kama sahani, na vinavyoibana ni plaketi mbili, moja upande huu, moja upande ule. Nyuma, na kwenye kamio nyingi mbele na nyuma, chuma ni tamburi. Tamburi iko sawa sufuria iliyolazwa ubavu. Ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyofunguka na kugusa ukuta wa sufuria. Juu ya vipande hivyo imebandikwa nguo ngumu ambayo mafundi wa garaji wanaiita garnitiri.

Disiki na tamburi vinatengenezwa kwa chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa. Kinavumilia moto na bei yake si kubwa, lakini hakina ulinzi wowote. Mlango wa kamio una rangi, shasi ina rangi. Disiki haiwezi kupakwa rangi pale inaposuguliwa, maana rangi ingetoka kwa freni ya kwanza. Iko uchi. Ukiimwagia maji jioni, asubuhi utakuta imekuwa rangi ya machungwa, na hilo peke yake si ugonjwa. Ukitembea mita mia chache ukikanyaga freni, plaketi zinaipangusa na inang'aa tena. Mtu asikuuzie disiki mpya kwa sababu ya wekundu wa usiku moja tu.

Shida inakuja pale garnitiri imekaa imebanwa kwenye chuma kilicholowa. Maji yananaswa katikati, upepo hauyafikii. Kutu ikizaliwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo inajaza kila kijinafasi na kuingia ndani ya vitundu vya garnitiri. Garnitiri na plaketi nyingi zenyewe zina nyuzi za chuma ndani, nazo zinashika kutu vilevile. Pande mbili zinakuwa kitu kimoja, sawa mwiko uliosahauliwa ndani ya bukari mpaka asubuhi.

Tamburi inaumia zaidi kuliko disiki. Disiki iko wazi, upepo na jua vinaifikia. Tamburi imefungwa. Maji yanaingia kupitia nafasi ndogo ya nyuma, yanakaa chini kama maji kwenye kisahani, na haikauki haraka hata kama mwili wa gari umekauka zamani na unang'aa.

Ndiyo maana gari ile ile, ikioshwa namna ile ile, mwezi wa 8 haina neno na mwezi wa 1 inakamata. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hakuna mvua ya kuhesabu, hewa ni kavu, maji yanatoka kwenye chuma kabla kutu haijapata nguvu. Mvua inashika hasa mwezi wa 11 mpaka wa 3, na karibu milimita 1,200 za mwaka mzima zinaanguka ndani ya kipindi hicho kifupi. Usiku hewa imejaa maji. Mashofere wanaotuambia "lakini shiye tunaosha hivi kila siku na hakuna kitu" wanasema kweli, kwa miezi ya kiangazi.

Hatusemi msioshe

Kuna wenyekiti wawili watatu waliosikia maelezo haya wakatoa amri kamio isioshwe tena mpaka mvua iishe. Hapana. Kwa gari ya wakulima, uchafu unakula chuma kuliko maji.

Tuchukue mbolea ya dukani, ile NPK na urea mnayoibeba mwezi wa 10 na wa 11. Mbolea hiyo inafanya sawa chumvi. Mfuko moja ukipasuka, unga wake unaanguka kwenye mbao, unapita kwenye nafasi za mbao, unalala juu ya shasi, juu ya bomba ndogo za freni na kable ya freni ya mkono. Chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani yenyewe, hata bila mvua, na chuma chini yake kinabaki kimelowa usiku na mchana. Samaki wa chumvi kutoka Kasenga wanafanya vilevile, maji yao yakichuruzika. Udongo wetu mwekundu nao ukiingia ndani ya tamburi na kukauka unakuwa sawa tofali. Unashika maji, unasugua garnitiri, unazuia vipande kurudi mahali pake. Gari iliyobeba mbolea ao samaki ioshwe siku ile ile, kwa maji mengi, chini zaidi kuliko juu. Milango inaweza kungoja.

Lakini namna ya kuosha ina maana yake. Jambo la kwanza ni moto. Kamio iliyofika sasa hivi na mzigo, disiki na tamburi zake zinaweza kuunguza mkono. Ukimwaga maji baridi juu ya chuma cha namna hiyo, kinaweza kupinda ao kupasuka nyufa ndogo, na baadaye shofere atashangaa kwa nini pedali inatetemeka chini ya mguu. Ngojeni nusu saa ao saa nzima. Vijana wana haraka ya kulipwa, tunaelewa, lakini waanze na kabini.

Jambo la pili ni mto. Desturi ya kuingiza kamio mtoni mpaka maji yafike kwenye kitovu cha gurudumu ni ya zamani, na inaonekana inaokoa ndoo. Sisi hatuipendi hata kidogo. Kitovu kikiwa na moto, hewa ndani yake imetanuka. Kikiguswa na maji ya baridi hewa inajikunja, na kitovu kinavuta maji ndani kupitia mpira wake wa kuziba, sawa mtoto anayenyonya. Maji hayo yanaharibu grisi ya ruluma, na ruluma ikifa barabarani gurudumu linaweza kutoka. Tena mafuta na grisi ya kamio vinashuka na maji, na chini ya hapo kuna mtu anachota ya kunywa. Osheni mbali na mto, pahali penye changarawe, kwa ndoo ao pompi. Wenye mashine ya maji ya nguvu wasiielekeze karibu kwenye mipira ya freni wala kwenye kitovu.

Usiku wa kwanza

Hapa njo penye kazi yenyewe, na haina gharama yoyote isipokuwa mafuta kidogo ya moteri.

Gari ikishaoshwa isiende kulala mara moja. Shofere aiendeshe kwanza, kilomita mbili tatu, akikanyaga freni pole pole mara nyingi, asikanyage kwa nguvu ya kusimamisha, ya kupasha moto tu. Kusugua kunaleta joto, joto linafukuza maji. Mwanzo atasikia gari inakawia kusimama, maana maji yanateleza katikati ya garnitiri na chuma. Kwa hiyo afanye hivyo pahali pasipo watoto, kwa mwendo wa chini. Freni zikianza kushika sawa pande zote, zimekauka. Ni vile vile ukitoka kuvuka maji barabarani ao kupita kwenye mvua kubwa, usingoje mteremko ili ujue kama freni bado ziko.

Akifika nyumbani aweke gari pahali palipo sawa. Hapo asivute freni ya mkono. Aizime moteri, atie vitesi ya kwanza, halafu aweke vizuizi vya kweli mbele na nyuma ya magurudumu mawili: vipande vya mbao vilivyokatwa kwa msumeno kama kabari, si jiwe la kuokota ambalo linageuka. Kwa gari za otomatiki wengi wanatia P, lakini kabari ziwekwe vilevile. Kabari nne zinaweza kukatwa na seremala wa kijiji kwa dakika chache. Zifungwe kwa kamba, zining'inie kwenye shasi, la sivyo zitakuwa kuni.

Kama hakuna pahali palipo sawa, kuna mteremko tu, basi vuteni freni ya mkono, na kabari juu yake. Freni iliyokamata ni hasara. Kamio inayotelemka yenyewe usiku kwenye nyumba ni msiba, na hakuna mtu atakayeuliza habari za kutu. Kwenye mteremko kinachobaki ni kuhakikisha tu kwamba freni zilikaushwa vizuri kwanza.

Kamio kubwa zenye freni za hewa zina tabia yao. Freni ya kusimamia inashikwa na resori yenye nguvu, na hewa njo inayoifungua. Hewa ikiisha inajibana yenyewe, upende usipende. Kwa gari hizo dawa ni moja, kuzikausha kwa kutembea kabla ya kulala. Na kila jioni fungueni vibomba vya chini ya matanki ya hewa, maji yaliyokusanyika yatoke. Mkiona yanatoka mengi, kesho fungueni tena.

Mwanachama mwenye motopikipiki naye asome hapa. Gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi lina tamburi ndogo, na mkono wake wa nje unashika kutu pale unapoingia ndani. Ukiosha, tembea kidogo ukikanyaga, na kila baada ya muda ufungue, usafishe, utie tone la grisi kwenye ule mti unaozunguka. Kwenye mti tu, mbali na garnitiri.

Kama imeshakamata

Kwanza shusheni mizigo ya watu. Wamama washuke, watoto wakae mbali.

Halafu hakikisheni freni ya mkono imeachiliwa kweli. Mkono wa ndani unaweza kuwa chini huku kable imekwama ndani ya ganda lake, imejaa kutu. Mtu mmoja aangalie chini wakati mwengine anavuta na kuachilia. Kable isiporudi, ugonjwa ni wa kable, na tamburi haina kosa.

Angalieni pia freni hiyo iko wapi. Kwenye Mitsubishi Canter, Toyota Dyna na Isuzu ndogo nyingi, freni ya mkono haishiki magurudumu. Inashika tamburi ndogo iliyo nyuma ya sanduku la vitesi, kwenye ule mti mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Tumeona watu wakipigapiga magurudumu ya nyuma asubuhi nzima, na kilichokamata kiko katikati ya gari. Na kuna hatari hapa ambayo wengi hawaijui: kwa gari za namna hiyo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, freni ya mkono haizuii gari tena. Lile gurudumu lililo hewani linazunguka bure, na lile lililo chini linapata ruhusa ya kuzunguka upande mwengine. Gari inatoka kwenye kriki. Kabari kwanza, kriki nyuma. Na mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota bulo iliyoanguka. Wekeni magogo mazito chini ya shasi.

Baada ya hapo jaribuni kwa upole. Vitesi ya kwanza, mbele kidogo, halafu ya nyuma, kidogo, mara tano, mara kumi. Mara nyingi inatosha. Mnasikia "tak!", gurudumu linaachia, na kazi imekwisha. Isipoachia, ondoeni gurudumu, mpige tamburi kuzunguka kwa nyundo ya mbao, ao nyundo ya chuma yenye kipande cha mbao katikati. Ni kutikisa, siyo kuvunja, maana chuma cha kumiminwa hakipindi, kinapasuka. Kwa disiki, fundi anaweza kusogeza plaketi nyuma pole pole.

Sasa ile kamba. Gari ikivutwa kwa nguvu wakati garnitiri imegandana na tamburi, kitu fulani lazima kiachie, na si lazima kiwe kutu. Mara nyingine garnitiri yenyewe inang'oka kwenye kipande chake. Gari inatembea, watu wanapiga makofi, mizigo inapandishwa tena. Ndani ya tamburi kuna kipande kilichovunjika kinachozunguka bila kushikwa, kinaweza kukwama wakati wowote na kufunga gurudumu barabarani, ao gurudumu hilo likabaki bila freni kabisa. Kwa hiyo sisi tunasema kamba isitumike, hata kama soko inangoja. Afadhali kukodi gari ya mwengine kwa siku moja.

Mafuta pia hapana. Mazutu, petroli ya taa, mafuta ya moteri, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza bulo: vyote vikiingia kwenye garnitiri vinanyonywa, na garnitiri iliyonyonya mafuta haishiki tena. Wala msiwashe moto chini ya gurudumu. Mipira ya freni inaungua, grisi inayeyuka, na karibu hapo kuna tanki.

Ikishaachia, endesheni polepole bila mzigo, mkanyage freni kidogo kidogo. Kelele ya kukwaruza itapungua. Isipopungua baada ya kilomita moja mbili, ao gari ikivuta upande mmoja, irudishwe, tamburi ifunguliwe na mtu anayejua. Anapofungua asipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Garnitiri za zamani zilikuwa na amianti, ambayo inaleta ugonjwa wa mapafu na kansa miaka mingi baadaye, na mtu hajui zilizo ndani ya gari ya mtumba ni za namna gani. Apanguse kwa kitambaa chenye maji.

Ile inayobana kidogo

Gurudumu lililokamata kabisa angalau linajionyesha. Tunaogopa zaidi lile linalobana kidogo, gari inatembea na hakuna anayejua. Kutu imeingia kwenye misumari ambayo plaketi zinatelezea, ao kwenye kable, na freni hairudi mahali pake ukiinua mguu. Inasugua njia nzima. Mafuta yanakwisha haraka, garnitiri inakwisha haraka, na juu ya yote kuna moto.

Moto huo unafika mpaka kwenye mafuta ya freni. Mafuta hayo yana tabia ya kunywa maji ya hewa, kidogo kidogo, hata yakiwa yamefungwa. Yale yaliyoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, yanachemka kuanzia digrii 205. Yakishakunywa maji kiasi, yanaweza kuchemka kwa 140. DOT 4 inaanza 230, inashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto. Shofere anakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari haisimami. Barabara ya Kasenga inashuka kutoka tambarare yetu ya juu mpaka bonde la Luapula. Hapo si pahali pa kujifunza jambo hili ukiwa na tani tatu mgongoni na watu juu ya mifuko. Mafuta ya freni yabadilishwe kila miaka miwili, na yasichanganywe hata tone na mafuta ya moteri, maana hayo yanavimbisha mipira yote na freni nzima inakufa.

Kujua kama gurudumu linabana ni rahisi. Baada ya kilomita kumi hivi za kutembea bila kukanyaga sana, simameni, mpitishe kiganja karibu na kila kitovu bila kugusa. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, ni hilo. Harufu ya kuungua nayo inasema. Fundi atafungua, atasafisha misumari na kuipaka grisi ya freni inayovumilia moto. Grisi ya kawaida inayeyuka na kumwagikia plaketi.

Koperative inayotaka kununua gari ya mtumba iangalie haya kabla ya kulipa. Gari nyingi zinazofika Lubumbashi zilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, zikapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Zilikaa kwenye hewa ya bahari wiki nyingi, na nyingine kabla ya hapo zilitembea kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi. Rangi ya juu inang'aa, lakini lala chini na tochi uangalie bomba za freni na kable. Vuta freni ya mkono, achilia, sukuma gari kwa mikono. Gari nzuri inasogea.

Nani anaandika, nani anaangalia

Kwenye koperative gari ni ya wote, na kwa sababu hiyo mara nyingi hakuna mwenye kuiangalia. Tunashauri daftari moja lililofungwa kwa kamba ndani ya kabini. Siku ya kuosha iandikwe, na nani alitembeza gari baada ya kuosha, na kama ililala na freni ya mkono ao na kabari. Andikeni pia tarehe ya mafuta ya freni, na siku tamburi zilipofunguliwa. Mkutano ukifika hakuna haja ya kugombana na shofere ao na jirani, daftari linasomwa.

Na jioni ya siku ya Mungu, kabla watu hawajaingia shambani kuchuma, shofere awashe kamio, aitoe mita kumi mbele, airudishe mita kumi nyuma. Kama imekamata, mtajua wakati tomati bado ziko kwenye mti na mahindi yako ndani ya gala, na fundi anaweza kuitwa usiku huo huo.